Wimbo wa Kabla ya Habari

Ukitaka kuua wimbo bila kumwaga damu, upige kabla ya taarifa ya habari. Hivyo ndivyo kituo kile kidogo cha redio, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, kilivyouua wimbo wa "Begi Mlangoni". Kila siku mchana, salamu zikishaisha na matangazo ya biashara yakishaisha, na saa saba bado haijagonga, ulipigwa huo. Hakuna aliyeuchagua kwa mapenzi. Ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa mrefu, mpole, haumkeri mtu, na unaweza kuukata popote usionekane umekatwa.

Ulikuwa wimbo wa gitaa, wa aina ile ya nyimbo za wachunga ng'ombe wenye kofia pana, ila huu ulikuwa umetiwa sukari ya mjini: gitaa la kulia kwa kuteleza, fidla nyuma yake, na ngoma ndogo inayotembea polepole kama mtu aliyebeba mzigo. Mwimbaji alikuwa mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Ni nani, hakuna aliyejua, wala hakuna aliyejisumbua kuuliza. Aliimba hivi:

Nimegonga mlango wako, vidole vimechubuka,
Taa yako umeizima, na mimi nimechoka.
Nimefunga begi langu, kamba nimeikaza,
Njia ndiyo ile pale, kwaheri nimeitangaza.

Baada ya huo na ubeti mwingine mmoja, sauti ilikuwa ikishushwa taratibu, mlio wa saa unalia, na mtu anasema, "Saa saba kamili. Ifuatayo ni taarifa ya habari." Basi mji mzima ulijua kwamba ule ni wimbo wa mtu aliyekata tamaa. Na kusema kweli haukuwa ukisikilizwa. Watu wakiusikia walikumbuka kutazama chungu jikoni.

Mkono uliokuwa ukiushusha wimbo huo ulikuwa wa mwanamke mmoja, fundi mitambo wa zamu ya mchana. Pale kazini wote walimwita Fundi, na jina lake halisi nadhani lilikuwa linajulikana na mhasibu peke yake. Alikuwa mtu wa maneno machache kupita kiasi. Mtangazaji wa kipindi cha salamu, mama mnene mcheshi aliyeitwa Mama Salamu, alikuwa akisema, "Huyu Fundi maneno anayaweka akiba. Siku akistaafu atatufungulia ghala."

Na sauti iliyokuwa ikifuata baada ya wimbo ilikuwa ya Msomaji. Huyu kazi yake ilikuwa moja tu, kusoma habari, na aliisoma kwa sauti nzito iliyotulia, hata ukiambiwa mafuta yamepanda bei ulijisikia kama umepewa pole. Kati yake na Fundi kulikuwa na kioo. Fundi aliinua kidole, taa nyekundu ikawaka, Msomaji akasoma. Mapenzi yao yalianza hivyo, kwenye kidole. Akiinua kidole, Msomaji anatazama kidole. Baadaye akawa anatazama mkono, kisha uso, mpaka siku moja akaanza kusoma habari sekunde tatu nyuma kwa sababu alikuwa anatazama tu. Wakapendana, kimya kimya, kama watu wawili wasio na haraka.

Haraka ilikuja baadaye. Msomaji alikwenda nyumbani kwa mama yake Fundi kuposa, akakataliwa. Akarudi tena, akakataliwa tena. Mama hakutoa sababu. Alisema tu, "Hapana, wanangu, kunyweni chai." Msomaji akaomba kazi katika kituo kingine, mji mwingine, mbali. Akapata. Na siku tunayoisimulia hapa ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho.

Sasa, siku moja kabla ya hiyo, Fundi alikuwa ametumwa stoo kujaribu spika mpya. Aliupiga wimbo uliokuwa karibu na mkono wake, na unajua ni upi. Akainama chini ya meza kuunganisha waya. Wimbo ukafika pale anapoukata kila siku, lakini yeye alikuwa chini, mikono imejaa waya, akauacha. Ukaendelea kidogo, fidla ikalia peke yake, halafu ukanyamaza kabisa. Akasema moyoni, umekwisha. Akaendelea kukaza waya. Ndipo ghafla gitaa likarudi, na yule bwana akaanza kuimba tena.

Fundi aliinuka kwa kishindo akagonga kichwa kwenye meza. Hakujali. Alikaa pale pale sakafuni, kiganja kichwani, akasikiliza ubeti ambao hakuwahi kuusikia maishani mwake, katika wimbo alioupiga mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Ulipoisha aliurudisha, akausikiliza tena. Halafu akalia. Si kwa ajili ya kichwa, ingawa nundu ilikuwa imeshatoka.

Asubuhi yake, alipiga moyo konde akamfuata mama yake chumba cha mbele. Mama alikuwa mshonaji wa mapazia. Chumba kile kilikuwa na cherehani, marundo ya vitambaa, na redio juu ya kabati ambayo haikuwa ikizimwa.

"Mama."

"Naam."

"Nataka kukuuliza kitu. Tafadhali usinikate."

Mama alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo. "Haya. Mdomo mtupu huu, uliza."

"Kwa nini ulimkataa?"

"Nani?"

"Mama, unamjua."

"Namjua sana. Kila siku saa saba yumo humu ndani. Namjua kuliko jirani yangu wa ukuta mmoja."

"Basi?"

"Basi nini? Alikuja mara ya kwanza na yule mjomba wake mwenye duka la masofa. Mjomba akasema. Mimi namtazama yeye, yeye anatazama kikombe. Akaja mara ya pili. Mjomba yule yule, maneno yale yale, ila safari hii katia na sifa za masofa. Yeye anatazama kikombe. Sasa mwanangu nimwoze nani? Mjomba?"

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. "Ni heshima, mama. Mtu hajiposei."

"Heshima naijua, usinifundishe mimi. Mjomba aseme, sawa. Lakini akimaliza, mwenye shida yake afungue kinywa. Aseme hata moja. Nampenda mwanao. Nitamtunza. Chai yako tamu. Lolote! Yule kazi yake ni kusoma walichoandika wengine. Sidharau, ni kazi ya halali na anaiweza. Lakini tangu nimjue sijamsikia akisema neno lake mwenyewe. Wewe utaishi na mume au na karatasi?"

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie aseme, halafu ndiyo aseme? Hapo kasema nani?"

Mama akachukua kitambaa, akakinyoosha juu ya goti, akakitazama badala ya kumtazama mwanawe.

"Na wewe vile vile," akasema. "Mara zote mbili ulileta chai, ukaondoka na sinia. Leo ndiyo mara ya kwanza unaniuliza. Mimi nilidhani humtaki, umeona tu aibu kumkatalia."

"Namtaka, mama."

"Ehe?"

"Namtaka sana. Anaondoka leo, na mimi nitakufa."

"Hufi. Lakini hilo sasa nimelisikia," mama akasema, akarudisha pini mdomoni. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kumaliza mazungumzo.

Fundi alikwenda kazini na mtihani mzito kichwani. Sababu alikuwa nayo sasa. Lakini angefanya nayo nini? Akimwambia Msomaji, mama anataka akusikie ukisema neno lako mwenyewe, Msomaji angekwenda na kusema. Angesema vizuri, kwa sauti ile, bila kukwama. Na mama angejua mara moja, maana mama hakuwa mjinga, kwamba hata hilo kaandikiwa.

Msomaji alifika kituoni karibu na saa sita, begi begani. Begi lenyewe lilikuwa kubwa, la turubai, limejaa mpaka zipu inalalamika. Walikutana kwenye korido, penye ndoo ya maji ya kunywa. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe, na macho yake yalikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Habari za kazi, Fundi."

"Nzuri. Umekuja na begi."

"Basi linaondoka saa tisa. Nikimaliza kusoma naunganisha."

"Hutarudi nyumbani kwanza?"

"Nikafanye nini? Chumba nimeshakabidhi."

Fundi alichota maji ambayo hakuwa na kiu nayo. "Usiende," akasema.

Msomaji alimtazama. Ni kweli alikuwa akilisubiri neno lile muda mrefu, na sasa lilipokuja lilimchoma badala ya kumpoza. "Leo? Unaniambia leo, begi liko begani?"

"Nakuambia leo."

"Nilikuja kwenu mara mbili. Mara mbili, Fundi! Mjomba wangu alifunga duka, akaacha wateja. Ulikuwa wapi? Uliweka chai mezani ukatoka. Sikukusikia ukisema hata kikohozi."

"Ni kweli. Nilikosea. Njoo mara ya tatu."

"Nije nipewe chai?"

"Njoo tu."

"Kwa nini? Nipe sababu moja ya kunifanya nirudi pale nikaaibike tena. Umeongea na mama yako?"

"Nimeongea naye. Asubuhi hii."

Kitu fulani kilifufuka usoni mwa Msomaji. Akalishusha begi kidogo, kamba ikamteleza mpaka kwenye kiwiko. "Amesemaje?"

"Siwezi kukuambia."

"Huwezi?"

"Nikikuambia itaharibika."

"Ama kweli," akasema Msomaji, akalipandisha begi tena. Alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. "Umeongea naye, amekujibu, na huwezi kuniambia. Unajua mimi nafanana na nani? Yule jamaa wa wimbo wetu. Kagonga hadi vidole vimechubuka, kazimiwa taa, kafunga begi lake, kaenda zake. Mwenye akili yule. Siku zote nilikuwa nikimwona mnyonge, kumbe mwenye akili."

"Haondoki."

"Nini?"

"Yule. Wimbo hauishii pale."

"Fundi, wimbo ule nimeusikia kila siku iendayo kwa Mungu. Mimi ndiye ninayekuja baada yake."

"Ndiyo maana hujausikia," akasema Fundi.

Mlango wa studio ukafunguka nusu, kichwa cha Mama Salamu kikachomoza, hedifoni shingoni. "Jamani wapenzi. Kama mnagombana gombaneni, kama mnaachana achaneni, lakini polepole. Nina salamu za bibi mmoja wa miaka themanini hapa, nanyi mnaingia kwenye maiki."

Msomaji akapita, akaenda chumba cha habari kuchukua karatasi zake. Fundi alibaki ameshika kikombe cha maji. Alimpenda. Alimpenda mtu yule na shati lake jeupe na uoga wake wa vikombe vya chai, na alikuwa anamwona anaondoka, na kinywa chake mwenyewe, kile cha akiba, kilikuwa kimeshamaliza kila alichoweza kusema.

Hapa yafaa umjue Mkuu wa Vipindi. Alikuwa bwana mwembamba, safi, mwenye saa mbili, moja mkononi na moja mfukoni ya kuikagua ile ya mkononi. Kwake dini ya redio ilikuwa na amri moja: saa saba ni saa saba. Aliwahi kumsimamisha kazi fundi mmoja aliyechelewesha habari kwa kupiga chafya. Fundi alilijua hilo vizuri. Yeye ndiye aliyepewa nafasi ya yule wa chafya.

Mama Salamu alimaliza salamu zake, akamtakia bibi wa miaka themanini afya njema, akasema, "Na sasa muziki kidogo tukielekea kwenye taarifa ya habari." Akavua hedifoni, akajikongoja kutoka. Fundi akaupiga wimbo.

Msomaji aliingia studio akakaa. Hakuwa na pa kuweka begi, maana chini kulikuwa na waya, au pengine hakutaka tu kuliachia. Alilipakata mapajani kama mtoto aliyeletwa kliniki, akaweka karatasi zake juu ya meza, akavaa hedifoni. Hakumtazama Fundi. Alitazama karatasi.

Nimegonga mlango wako, vidole vimechubuka...

Ulikuja ubeti wa kwanza, ukaja wa pili, unaosema mvua imeanza na mwenye nyumba hajachungulia hata dirishani. Fidla ikaingia. Wimbo ulikuwa umefika pale pa kukatwa. Kila siku, hapo ndipo mkono wa kulia wa Fundi ulipokuwa ukienda wenyewe kwenye kidude cha sauti, bila kutumwa. Hata siku ile ulikwenda. Aliutazama ukienda. Kisha akaurudisha, akauweka kwenye kiti, akaukalia.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akageuza ufunguo wa mlango wa chumba chake cha mitambo.

Saa ya ukutani ikafika saa saba. Fundi hakupiga mlio. Msomaji aliinua macho, akatazama kidole ambacho hakikuinuka. Akainua nyusi. Fundi akatikisa kichwa.

Mlango ukagongwa. "Fundi!" Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Vipindi. "Fundi, saa saba!"

Fidla ikaisha. Wimbo ukanyamaza.

Watu wa redio watakuambia, hakuna kitu kinachotisha kama kimya. Kimya hewani ni kama moshi jikoni: kila mtu anatoka mbio kutafuta kinachoungua. Korido nzima ilisikika ikikimbia. Chini, katika duka la miwani, redio ilinyamaza na mpimaji macho akasita, mkono juu ya swichi. Mkuu wa Vipindi aligonga kwa ngumi zote mbili. "Kimya hewani! Fundi! Umezimia?" Fundi alikuwa ameketi juu ya mkono wake, jasho linamtoka, akihesabu pumzi zake mwenyewe.

Ndipo gitaa likarudi.

Nilifika barabarani, gari likaja likasimama,
Dereva akaniita, mguu ukagoma kupanda.
Nimerudi na begi langu, nimelifanya kiti mlangoni,
Fungua ukiwa tayari, mpenzi, mimi siendi popote.

Hapo ndipo ungeuelewa wimbo ule, kama ungepewa nafasi. Ngoma ilikuwa ile ile, mwendo ule ule wa mtu aliyebeba mzigo. Hawakuiongeza kasi, hawakuleta tarumbeta. Kumbe muda wote uliokuwa ukidhani anaondoka, alikuwa anatembea kwa mwendo ule ule wa kurudi. Na sauti yake ya kukwaruza haikuwa ya huzuni hata kidogo. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, aliyekaa, aliyeegemeza mgongo kwenye mbao za mlango, ambaye hana haraka tena. Ulikuwa wimbo mzuri sana. Miaka yote ile ulikuwa ukiimbiwa mji ambao ulikuwa ukiuziba mdomo kabla haujasema la maana.

Kule korido, ngumi zilikuwa zimenyamaza.

Msomaji alikuwa amegeuka jiwe. Begi lilikuwa mapajani, mikono juu ya begi. Alisikiliza mpaka gitaa la mwisho, na lilipokuwa likitelezea mbali aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii yalikuwa juu ya Fundi, si juu ya karatasi. Mwanamke yule asiyesema, mwoga wa Mkuu wa Vipindi kuliko wote, alikuwa amefunga mlango na kuisimamisha saa saba kwa ajili yake. Alielewa hilo bila kuelezwa na mtu.

Fundi akaukomboa mkono wake, umeshakufa ganzi. Akapiga mlio wa saa. Akainua kidole. Taa nyekundu ikawaka.

Msomaji hakusema "Saa saba kamili." Alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena, na kilichotoka hakikuwa na ule utulivu wa kila siku.

"Habari zimechelewa," akasema. "Samahani. Wimbo ulikuwa haujaisha. Sisi hapa huwa tunaukata kila siku, na mimi... mimi huwa nakaa hapa nasubiri ukatwe. Sikujua kama una mwisho. Nilikuwa na safari leo. Sasa sina. Kuna mtu nimekunywa chai yake mara mbili, na sikumwambia chochote. Hata asante sikusema. Ilikuwa chai nzuri, na niliogopa. Mwanawe nampenda. Basi. Hii ni taarifa ya habari."

Akaanza kusoma habari za barabara mpya, sauti ikiwa bado inayumba, na huku akisoma alilisukuma begi polepole kutoka mapajani likashuka chini kwenye waya.

Fundi alifungua mlango. Mkuu wa Vipindi alikuwa amesimama pale, saa yake ya mfukoni iko mkononi, na nyuma yake Mama Salamu anajifuta macho kwa ncha ya kitenge chake bila kificho.

"Unajua ulichofanya?" Mkuu akauliza.

"Najua."

"Utanieleza mbele ya kamati."

"Nitaeleza."

Mkuu alitazama saa, akaitazama ile nyingine, akazirudisha zote. Alikohoa. "Ule wimbo," akasema, kwa sauti ya chini, "siku zote ulikuwa unaishia vile?"

"Siku zote, mzee."

"Hm," akasema, akaenda zake, na mwendo wake haukuwa wa haraka.

Simu ya mezani ikalia. Fundi akaipokea huku jicho moja liko kwenye kioo. Hakusalimiwa.

"Yale aliyosema sasa hivi," mama yake akasema, "nani kamwandikia?"

"Hakuna, mama."

"Kwenye karatasi hayamo?"

"Hayamo."

"Wewe hukumwambia yale niliyokuambia asubuhi?"

"Sikumwambia hata neno. Niliupiga wimbo tu."

Upande wa pili kulisikika cherehani ikizunguka mara moja, kisha ikatulia. Fundi alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Maisha yake yote, kama alivyoyaona wakati ule, yalikuwa yamening'inia kwenye waya ule.

"Kasema chai yangu nzuri," mama akasema.

"Kasema."

"Mwongo. Mara ya pili niliungua mkono nikasahau sukari." Kisha sauti yake ikalegea, Fundi hakuwahi kuisikia hivyo. "Mwambie aje leo. Aje peke yake. Na yule mjomba abaki na masofa yake, tutamwita kwenye mambo ya sherehe, maneno yake atayasemea huko."

Fundi alibonyeza kitufe kinachopeleka sauti kwenye hedifoni ya studio, akainamia maiki ndogo, na kwa sauti iliyojaa machozi akasema, "Mama anasema uje leo. Peke yako."

Msomaji alikuwa amefika kwenye hali ya hewa. "Maeneo mengi ya mji," akasema, "yanatarajiwa... yanatarajiwa kuwa na..." Akakwama. Akafunika uso kwa karatasi, mabega yakamtikisika, na mji mzima ukasikia kitu ambacho hakijawahi kusikika katika taarifa ya habari, mtu mzima anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

"Mbona amekwama?" mama akauliza kwenye simu.

"Nimemwambia, mama."

"Ungesubiri amalize kwanza, na wewe! Nataka kujua kama nianue nguo."